Kuchora Milima ya Theluji na Watelezaji wa Skii Ukiwa Nairobi: Hatua kwa Hatua

Kila Jumamosi darasani kwangu hakosi mtu wa kuniuliza, "Mwalimu, nitachoraje theluji na sijawahi kuikanyaga?" Mwingine huleta picha aliyoimaliza nyumbani na kutaka kujua kwa nini theluji yake inafanana na ukuta uliopakwa chokaa. Wa tatu ana mtelezaji wa skii (vile vipande viwili virefu vinavyofungwa miguuni kutelezea kwenye theluji) anayeelea hewani kama kipepeo. Maswali ni yale yale, mwezi baada ya mwezi. Nimeamua kuandika majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata ninapofundisha.

La kwanza ndilo rahisi. Theluji unaweza kuiona ukiwa hapa hapa. Asubuhi isiyo na mawingu, kabla ya saa mbili, panda paa la ghorofa ndefu upande wa Kasarani au Kahawa utazame kaskazini. Mlima Kenya uko kiasi cha kilomita 150, na siku hewa ikiwa safi, vilele vyake viwili, Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, huonekana kama meno mawili yaliyochongwa. Ukikosa paa, ukiwa kwenye matatu ya kwenda Thika alfajiri kaa dirishani. Tazama ile sehemu nyeupe kwa makini. Jua linapochomoza huwa na wekundu wa waridi, baadaye kidogo ina umanjano hafifu, na upande usiopata jua ni buluu iliyochanganyika na kijivu. Nyeupe tupu hutaiona.

Hilo ndilo somo lote la theluji, na yaliyobaki hapa chini ni namna ya kulitia kwenye ubao. Theluji haina rangi yake yenyewe, huazima. Upande wa kivuli huazima rangi ya anga, na upande wa mwanga huazima rangi ya jua. Anayeipaka kwa nyeupe ya tyubu moja kwa moja ameinyima vyote viwili, ndiyo maana inageuka chokaa.

Zoezi kabla ya kununua chochote

Chukua shuka nyeupe iliyofuliwa, uitupe juu ya kiti uani au kwenye roshani saa moja na nusu asubuhi, anga ikiwa wazi. Usiinyooshe. Iache ijikunje yenyewe hadi iwe na matuta, mabonde na kingo. Kaa mbele yake robo saa na penseli. Kwenye mikunjo upande wa kivuli utaona buluu, maana sehemu hizo zinaangaliwa na anga peke yake. Pale shuka inapokaribia sakafu nyekundu au nyasi, kivuli kitakuwa na wekundu au ukijani kidogo. Sasa weka karatasi nyeupe kwenye jua kando ya kivuli kile, ulinganishe. Wengi hushtuka wanapogundua jinsi kivuli cha kitu cheupe kilivyokolea.

Rudi saa sita mchana uitazame tena. Vivuli vimepungua na mikunjo imelala. Rudi jioni, vimekuwa virefu na mwanga umekuwa wa machungwa. Umeshajifunza theluji bila kuvaa koti. Wanafunzi wangu wanaofanya zoezi hili mara tatu huwapita kwa mbali wale wanaokimbilia kunakili picha za simu.

Unga wa ngano nao husaidia. Mwaga kilo moja kwenye sinia, ubonyeze kwa kijiko upate miteremko, zima taa ya juu, kisha uweke taa ndogo pembeni, chini kabisa. Pitisha uma juu ya unga uone alama za skii zinavyokuwa na ukingo mmoja wenye mwanga na mwingine wenye giza. (Baadaye uchunge unga na upike chapati, hakuna kinachopotea.)

Utakavyohitaji

- Rangi za akriliki. Rangi za mafuta ni nzuri lakini huchelewa kukauka na zinataka chumba chenye hewa ya kutosha. Anza na akriliki.
- Rangi tano tu. Majina kwenye tyubu hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo tafuta namba ndogo iliyochapishwa nyuma: PW6 ni nyeupe ya titani, PB29 ni buluu ya ultramarini, PBr7 katika toleo lililochomwa ni ile hudhurungi yenye wekundu, PY42 au PY43 ni njano ya udongo, na PV19 ni nyekundu inayoelekea waridi. Nyeupe nunua tyubu kubwa, itaisha kwanza.
- Ubao. Hadibodi ya milimita 3, kipande cha sentimita 40 kwa 50, hukatwa na fundi yeyote mwenye msumeno. Ukitaka kitambaa, amerikani nzito inafaa sana. Ilowe maji kwanza ijikunje, ikauke, ndipo uitandaze kwenye fremu.
- Jeso, yaani kipako cheupe cha kwanza. Ukikosa, changanya rangi nyeupe ya ukuta ya maji na gundi nyeupe ya seremala kidogo. Kwa mazoezi inatosha. Picha ya kuuza ipake jeso halisi, maana ile ya ukuta haikutengenezwa idumu miaka mingi chini ya rangi za msanii.
- Brashi tatu: bapa ya inchi mbili, bapa ya kidole kimoja, na ya mviringo yenye ncha. Zaidi ya hizo ni pambo kwa sasa.
- Kisu cha kuchanganyia rangi, chenye ncha butu na shingo iliyopinda.
- Mkebe wa chakula wenye kifuniko. Tandaza karatasi ya jikoni iliyolowa chini, juu yake karatasi ya kuokea, kisha rangi. Nairobi mwezi wa Februari akriliki hukauka kwenye sahani kabla hujamaliza kuikoroga. Ndani ya mkebe huu hukaa laini hata siku mbili.
- Chupa ya kupulizia maji, kitambaa kikuukuu, makopo mawili ya maji, msasa laini, penseli.

Nyeusi sijaiandika kwa makusudi. Ultramarini na hudhurungi iliyochomwa zikichanganywa sawa kwa sawa hutoa giza zuri la mwamba, na unaweza kulielekeza kwenye ubaridi au joto upendavyo. Nyeusi ya tyubu ikiingia kwenye theluji huleta kijivu cha saruji.

Hatua

1. Amua mlima gani na saa ngapi.

Usichanganye Alps, ile milima ya Ulaya, na Mlima Kenya kwenye ubao mmoja. Kosa hili naliona kuliko mengine yote, na huanzia kwenye kivuli. Sisi tumezoea jua la utosini, na saa sita kivuli kiko miguuni. Katika Alps mwezi wa Desemba, hata adhuhuri, jua huinuka kama nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho. Kivuli cha mtu mwenye mita 1.7 kinakaribia mita 5. Mtelezaji uliyemchora mchana wa Uswisi akiwa na kivuli kifupi kama cha mtu wa Tom Mboya Street hataaminika, hata uso wake ukiupata barabara. Tena jua hilo siku zote liko upande wa kusini, kwa hiyo miteremko inayotazama kaskazini hushinda kwenye kivuli.

Ukichagua Mlima Kenya, mambo hubadilika. Uko karibu kabisa na ikweta, na jua huhama: katikati ya mwaka liko upande wa kaskazini, nyuso za kaskazini hukauka na kuonyesha mwamba, huku za kusini zikishika theluji na barafu. Mwezi wa Januari ni kinyume chake. Ukitumia picha uliyopiga Julai ukaongeza kipande cha picha ya Januari, theluji itakaa mahali pasipo pake. Mimea pia ni mingine. Huko hakuna misonobari iliyoinamishwa na theluji. Kuna lobelia ndefu na seneshio kubwa zenye vichwa kama vya kabichi, nazo ni nzuri mno kuchora. Wala hakuna vituo vya skii. Watelezaji wapeleke Ulaya, Marekani au Japani.

Picha ya kunakili iwe yako au uwe umeruhusiwa kuitumia. Andika nyuma ya ubao mahali, mwezi na saa. Utaitazama mara kumi.

2. Chora vijipicha vitatu vya ukubwa wa kiberiti.

Tumia penseli na viwango vitatu tu: giza, kati, mwanga. Kunja macho hadi uone ukungu, uzibe viwango hivyo bila kujali miamba midogo. Swali la kujiuliza ni moja: mwanga mkali kabisa uko wapi, na je, ni mahali pamoja? Ukiwa na sehemu nne zinazoshindana kwa weupe, panga upya. Theluji iliyo kivulini iingie kwenye kiwango cha kati. Hapa ndipo wengi hukataa, kwa sababu akili inawaambia theluji ni nyeupe. Amini jicho na ile shuka.

Mstari wa upeo usikate ubao katikati. Milima ikiwa ndiyo habari yako, ushushe. Mteremko na watelezaji wakiwa ndiyo habari, upandishe.

3. Andaa ubao na uupake rangi ya chini.

Piga msasa, futa vumbi, paka jeso mara mbili ukiacha ikauke katikati. Paka na upande wa nyuma mara moja, la sivyo hadibodi itapinda kama chapati iliyoachwa mezani. Kisha yeyusha hudhurungi iliyochomwa kwa maji mengi, uifute ubao mzima kwa kitambaa hadi ubaki na rangi ya chai ya maziwa.

Usiiruke hatua hii. Juu ya ubao mweupe huwezi kuiona nyeupe unayoipaka, wala hutajua kama kivuli chako kimekolea vya kutosha. Juu ya rangi ya chai kila tone la nyeupe linaonekana, na vipande vidogo vya hudhurungi vinavyochungulia huipa buluu joto la jirani.

4. Anga kwanza.

Anga ndiyo inayoikopesha theluji rangi, kwa hiyo ipake kabla ya chochote. Siku ya jua kali: ultramarini na nyeupe juu kabisa, ukiongeza nyeupe na chembe ya njano ya udongo kadiri unavyoshuka. Pulizia maji kidogo na ufanye haraka kwa brashi pana, mistari ya kulala.

Kwenye milima mirefu anga ya utosini huwa imekolea kuliko tuliyoizoea, na theluji yenye jua huwa na mwanga kuipita. Siku ya mawingu, anga ni kijivu na theluji haina vivuli vyenye ukingo. Pieter Bruegel alipochora wawindaji wakirudi kijijini mwaka 1565, aliipa anga kijivu chenye ukijani kisha akaitia rangi hiyo hiyo kwenye mabwawa yaliyoganda. Theluji yake haina kivuli kikali hata kimoja, na bado unahisi baridi. Ukiwa mgeni, chagua siku ya jua. Siku ya mawingu ni ngumu zaidi japo inaonekana rahisi.

Mabaki ya rangi ya anga usiyatupe. Yafunike kwenye mkebe, utayahitaji hatua ya 6.

5. Milima ya mbali.

Chukua rangi ya anga ya chini, ongeza ultramarini kidogo na chembe ya hudhurungi, uchore umbo lote la safu ya mbali kama kipande kimoja. Halafu theluji yake ya jua: nyeupe, njano ya udongo na tone la ile nyekundu ya waridi. Vitu vyenye giza vikiwa mbali huelekea buluu, lakini vyeupe vikiwa mbali huelekea umanjano na kupoteza ukali. Ukikumbuka ulivyouona Mlima Kenya ukiwa juu ya paa, hili si geni kwako.

Kingo ziwe laini. Mlima wa mbali wenye ukingo mkali huruka mbele na kuvunja umbali wote.

6. Miamba na vivuli vya mlima mkuu.

Sasa ndipo kazi ilipo, na usiikimbize.

Chora umbo la mlima kwa brashi ya kidole kimoja, kwa giza la ultramarini na hudhurungi lililopunguzwa kwa nyeupe kidogo. Fuata mifupa: tuta kuu linashukaje kutoka kileleni, linagawanyika wapi, mabonde yanaanguka upande gani. Mlima mmoja hauna pande mbili zinazolingana. Pembe tatu iliyonyooka kama hema ni alama ya mtu aliyechora kutoka kichwani. Hata Matterhorn, mlima wa Alps wenye mita 4,478 na unaofikiriwa na wengi kuwa piramidi kamili, una bega, mkunjo na kichwa kilichopinda.

Kisha vivuli vya theluji. Chukua mabaki ya rangi ya anga, ongeza ultramarini na chembe ya hudhurungi ili buluu isipige kelele. Kwa kuanzia, sehemu nne za nyeupe kwa moja ya ultramarini, na hudhurungi ya ncha ya kisu. Paka upande wote wa kivuli kwa mkupuo mmoja, bila kuacha madirisha meupe. Mkono ufuate mteremko: theluji inaposhuka, brashi ishuke, inapotulia bondeni, brashi ilale. Mielekeo hiyo ya brashi ndiyo inayomwambia mtazamaji ardhi imekaaje.

Chini ya kivuli, karibu na bonde lenye jua, ongeza joto kidogo. Theluji ya ng'ambo inarudisha mwanga huko, kama ukuta mweupe unavyoangaza chumba cha jirani.

Kama unahofia kwamba buluu imezidi, tafuta picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet ya ndege mweusi na mweupe aliyetua juu ya lango, majira ya baridi ya 1868 kuingia 1869. Vivuli vya uzio wenye lango hilo ni buluu waziwazi. Majaji wa maonyesho ya Paris waliikataa mwaka 1869. Leo iko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho huko Paris.

Acha ikauke. Akriliki hukolea kidogo inapokauka, hivyo usirekebishe ikiwa mbichi.

7. Theluji yenye jua.

Changanya nyeupe na njano ya udongo kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele kwa kijiko cha chai. Kwa mwanga wa jioni ongeza nyekundu. Nyeupe tupu ibaki kwenye tyubu hadi hatua ya 10.

Tumia kisu. Beba rangi nzito chini ya ubapa wake, uuguse ubao kwa pembe ndogo na uvute kuelekea chini bila kukandamiza. Kwenye mwamba rangi itashika penye vinundu na kuruka mashimo, ndivyo theluji inavyokaa kwenye jabali. Mvuto mmoja, kisha inua mkono. Ukipitisha mara ya tatu umeshaisawazisha, na uhai wake umekwisha.

Alfons Walde, mchoraji wa Kitzbühel huko Austria aliyekufa mwaka 1958, alipaka theluji nzito kiasi kwamba inaonekana kama imekatwa kwa mwiko. Tazama kazi zake kabla ya kufika hatua hii. Sijaona mwalimu bora wa theluji yenye jua.

8. Watelezaji.

Kwanza ujue ni mtelezaji gani. Kuna wa masafa na kuna wa mteremko, na miili yao haifanani. Philip Boit, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998 katika mbio za kilomita 10, alikuwa wa masafa: skii nyembamba na ndefu kumpita mtu, kisigino huru kuinuka, vijiti vinavyofika kwapani au begani, mwendo kama wa mkimbiaji anayevuta hatua. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria na kushindana kwenye Olimpiki kama hiyo kule Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018, ni wa mteremko: skii pana zaidi, kisigino kimefungwa, magoti yamekunjwa, kifua mbele, mikono mbele, mwili umelalia ndani ya kona. Ukimpa wa mteremko mkao wa wa masafa, picha inakwama.

Utaratibu wangu:

Weka kwanza mstari wa skii, ukifuata mteremko kamili. Kutoka hapo panda: kiatu, goti lililotokeza mbele, kiuno kilichorudi nyuma, bega lililorudi mbele. Ni herufi Z iliyonyooshwa kidogo. Kichwa ni nukta. Mtu wa sentimita 3 hahitaji macho wala vidole. Anahitaji uzito uanguke mahali sahihi. Kiuno kikiwa nyuma ya visigino, mtu huyo anaanguka, na hata asiyejua skii atahisi hivyo.

Kisha kivuli, papo hapo. Kianze pale skii inapogusa theluji, kiende upande mmoja na vivuli vingine vyote vya picha, kipinde kufuata ardhi. Ukimwacha mtelezaji bila kivuli kwa ajili ya "kukiweka baadaye", ndiye yule anayeelea. Kivuli kikiwa mbali naye kwa makusudi, maana yake ameruka. Ni mbinu nzuri, lakini itumie ukiwa umekusudia.

Jaketi moja jekundu latosha. Wengine wawe na rangi zilizotulia. Watelezaji watatu hupendeza kuliko kumi: mmoja karibu, wawili mbali na wadogo zaidi kuliko unavyodhani.

9. Alama za skii.

Kwa brashi yenye ncha, vuta mistari ya rangi ya kivuli, halafu upande mmoja wa kila mstari uguse kwa rangi ya jua. Karibu na mtazamaji mistari iwe mipana na iliyoachana. Kadiri inavyokwenda mbali isogeleane na kufifia. Alama za wa mteremko hujipinda kama nyoka, za wa masafa huenda sambamba kama reli. Usizitawanye kila mahali. Theluji isiyokanyagwa ndiyo inayozipa maana zile chache.

10. Nyeupe tupu.

Simama mita tatu kutoka kwenye ubao. Tafuta mahali pawili au patatu ambapo jua linagonga moja kwa moja: ukingo wa tuta, bega la kilele, vumbi la theluji nyuma ya skii. Hapo tu, kwa ncha ya kisu. Kisha osha kisu ukiweke mbali, maana kishawishi cha kuongeza moja zaidi kimeharibu picha nyingi nzuri darasani kwangu.

Inapokwenda vibaya

Theluji inaonekana kama pamba. Kingo zote zimekuwa laini na vivuli ni duara. Theluji ya mlimani ina mikato: penye upepo kuna ukingo mkali kama wa kisu. Chagua kingo tatu uzikaze, zilizobaki ziache laini.

Theluji inaonekana kama chokaa. Mwanga wako ni mweupe kila mahali na vivuli ni dhaifu. Usiongeze nyeupe. Kausha ubao, yeyusha ultramarini na chembe ya hudhurungi kwa maji, upitishe utando mwembamba juu ya sehemu za kivuli pekee. Rudia hadi zishuke.

Buluu imekuwa kali kama gunia la plastiki. Hudhurungi haikutosha. Utando mwembamba sana wa hudhurungi iliyochomwa juu yake utaituliza. Jaribu kwenye kona kwanza.

Rangi zimekuwa matope. Umechanganya zaidi ya tatu kwa wakati mmoja, au maji ni machafu. Kopo moja liwe la kuoshea na lingine la kuyeyushia tu.

Rangi inajikunja na kung'oka brashi ikipita mara ya pili. Ilikuwa imekauka nusu. Kusubiri dakika kumi kunatosha siku ya jua. Julai Nairobi ikiwa na baridi na mawingu, subiri nusu saa au zaidi. Usiuweke ubao juani kuharakisha, unapinda.

Mlima uko karibu mno na mtelezaji. Hakuna ngazi ya katikati. Weka tuta moja au msitu wa misonobari kati yao, kwa rangi iliyofifia nusu ya ile ya mbele.

Mteremko unaonekana tambarare. Brashi yako ililala kila mahali. Vuta mistari michache ya kushuka katika rangi ya kivuli, uhakikishe miti imesimama wima juu ya ardhi iliyolala upande. Mti huota wima hata kwenye mteremko mkali, na pembe kati ya shina na ardhi ndiyo inayoonyesha ukali wake.

Mtelezaji amekataa kabisa kukaa. Mfute kwa kitambaa chenye maji akiwa mbichi, au mfunike kwa rangi ya theluji akishakauka. Mchore mara ishirini kwenye gazeti kuukuu, mkao ule ule, kabla ya kumrudisha kwenye ubao. Ishirini ni kidogo. Huchukua nusu saa.

Ukiwa na swali ambalo halimo humu, njoo nalo pamoja na ubao wenyewe. Picha ya simu huibadilisha buluu, na bila kuiona buluu yako siwezi kukuambia kitu.